Viatu Vyangu Viko Kibaoni

Tangu nirudi, kila rafiki ananitazama miguu kwanza, uso baadaye. Ndiyo, hizi ni katambuga, zimekatwa kwenye tairi la lori. Na ndiyo, niliondoka Dar es Salaam nimevaa viatu vyeusi vya ngozi ambavyo baadhi yenu mlinisaidia kuvichagua Kariakoo. Nimechoka kusimulia nusunusu. Huyu nampa mwanzo, yule nampa mwisho, halafu mnakutana mnabishana. Nimeandika yote hapa. Mtaona kwamba hakuna aliyenidhulumu. Yote niliyafanya mwenyewe, tena kwa bidii.

Kwa wasiojua nilikwenda kufanya nini: Profesa wangu anaandika kitabu kimoja tangu mimi niko shule ya msingi. Kinahusu namna wachumi wa dola za kikoloni walivyomfikiria mfanyakazi wa Kiafrika. Waliamini kwamba Mwafrika hufanya kazi mpaka apate hela ya shuka na kodi, kisha huacha kila kitu akarudi kwao kulala. Waliita hiyo elimu. Profesa ametumia maisha yake kuwapinga, na katika nyaraka za zamani alikuta barua ya meneja wa mgodi mmoja wa madini ya risasi uliokuwa karibu na Mpanda. Meneja anaandika kwamba vibarua kumi na mmoja waliacha kazi asubuhi moja, wote pamoja, wakarudi baada ya siku nne, wakaandikwa watoro. Chini kabisa anaongeza kwamba jozi moja ya viatu vya buti haijarudishwa stoo. Mstari huo wa buti Profesa aliukata kwa penseli, maana haukuwa na faida kwake. Meneja aliona uvivu. Profesa aliona mgomo. Juu ya mgomo huo akajenga sura ya sita, ambayo ndiyo nguzo ya kitabu chote.

Kilichokosekana ni mtu aliye hai. Mwalimu mmoja wa Mpanda, mwanafunzi wake wa zamani, akamwandikia kwamba mmoja wa wale kumi na mmoja bado yupo, anaitwa Mzee Maganga, anaishi Magamba. Profesa akaniita ofisini.

"Shomari, niletee mgomo huo kwenye kanda," alisema. "Ukiniletea, nafasi ya msaidizi wa utafiti ni yako."

Wakati huo nilikuwa na shahada moja na godoro moja kwa shangazi. Niliitikia kabla hajamaliza sentensi.

Dar es Salaam mpaka Tabora

Nilipanda treni na maswali sitini na manne yaliyopigwa taipu, kanda sita, betri za kutosha kuendesha kituo cha redio, na rekoda ya idara niliyoipakata kama mtoto mchanga. Niliogopa nikiiweka juu itaanguka, nikiiweka chini itakanyagwa, nikiiweka pembeni itaibiwa. Kwa hiyo niliipakata kutoka Pugu mpaka Tabora, na kila nilipotaka kwenda msalani nilikwenda nayo. Abiria mwenzangu mmoja aliniuliza kwa upole kama daktari ndiye aliyeniambia nifanye hivyo.

Stesheni ya Saranda kila mtu alishuka kununua kuku. Mimi nilifikiri sana juu ya wale kuku: walichinjwa lini, walikaa juani muda gani, nzi walikuwa wangapi. Nikaamua kula mayai ya kuchemsha, kwa hoja kwamba yai limefungwa na Mungu mwenyewe. La kwanza lilikuwa zuri. Ndani ya la pili mlikuwa na kifaranga aliyebakiza wiki moja tu kuhitimu. Nilishinda njaa mpaka Tabora nikitazama wenzangu wanavyonyonya vidole.

Tabora mpaka Mpanda

Treni ya Mpanda huachana na njia ya Kigoma pale Kaliua, na pale Kaliua tuliachwa tukisubiri kichwa cha treni. Hakuna aliyesema kichwa kiko wapi. Watu walitandika kanga, wakapika chai, wakaanza kufahamiana. Mimi nilitembea kwenda na kurudi nikikadiria kama Mzee Maganga, kwa umri wake, angeweza kufariki kati ya hapo na kesho.

Mama mmoja aliyekuwa akirudi Katumba, kwenye makazi ya Warundi, alinitazama nikipita mara ya sita au ya saba, akaniita. Jina lake Mama Speransia. Alikuwa na sufuria ya maharage na muhogo uliofungwa kwenye kitambaa.

"Mwanangu, hicho ulichopakata kinanyonya?"

"Hapana, mama. Ni rekoda."

"Basi kiweke chini ule wewe."

Nilikula. Sijui kama maji yalichemshwa na kwa mara ya kwanza sikuuliza. Akataka kujua naenda kufanya nini, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshiba, nikamweleza fikra za kiuchumi za wakoloni kuhusu nguvukazi, kuanzia mwanzo. Alisikiliza huku akipepea moto.

"Kwa hiyo umetoka Dar," alisema nilipomaliza, "unakwenda kumuuliza mzee kwa nini siku moja hakwenda kazini."

"Ndiyo, mama."

"Siku ya zamani hizo, za wazungu."

"Ndiyo."

"Na aliyekutuma anakula vizuri?"

Nilimwambia kwamba ni profesa.

"Ungeniuliza mimi hapa hapa ukarudi kwenu. Mtu haendi kazini akiwa mgonjwa, akiwa na harusi, au akiwa na msiba. Sababu nyingine mimi sijaziona."

Nilitabasamu kama tunavyotabasamu sisi wasomi. Nikaandika maneno yake kwenye daftari, nikayapa kichwa "Mitazamo ya watu wa kawaida", nikafunga daftari. Mkifika mwisho mrudi hapa mnicheke.

Kichwa cha treni kilikuja siku iliyofuata. Mama Speransia alishuka Katumba akaniachia muhogo uliobaki.

Mpanda na Magamba

Mpanda nilipokelewa na yule mwalimu, mtu mkarimu ambaye kosa lake moja lilikuwa kuwatangulizia majirani habari kwamba anakuja mtu kutoka Dar kuulizia mgodi. Kabla sijamaliza kunawa uso walikuwa wamefika wanaume wanne.

"Mgodi unafunguliwa lini, bwana mkubwa?"

Nilieleza kwamba sifungui chochote, nakusanya historia tu. Wakatazamana.

"Anaficha," mmoja akawaambia wenzake. "Wote wanaanza na historia."

Asubuhi nilikuta mbele ya mlango mafungu mawili ya mawe yenye kung'aa, yameletwa nikayapime. Niliogopa kuyaacha wasione nimewadharau, niliogopa kuyabeba wasione nimekubali. Mwisho niliyabeba mpaka nje ya mji, nikayaficha kichakani, kisha nikaogopa kwamba nimeficha mali ya watu.

Magamba tulikwenda kwa baiskeli mbili za mwalimu. Nyumba ya Mzee Maganga ilikuwa na kufuli. Jirani, aliyekuwa akipukuchua mahindi, hakuacha kupukuchua alipotujibu.

"Mzee kaenda Kibaoni kwa mwanae, kuvuna mpunga. Amewachosha watu hapa kwa maneno, kaenda kuwachosha na wa kule."

Niliuliza atarudi lini.

"Mpunga ukiisha. Au wakimchoka."

Sitalike

Lori la kwenda Kibaoni lilibeba chumvi, sabuni na sisi abiria. Dereva alikuwa mtu wa miraba minne, Mfipa, na tulipofika Sitalike akazima injini, akachana nywele kwenye kioo cha pembeni, akavaa shati safi. Wakwe zake wanakaa pale. Haiwezekani apite bila kusalimia, na kusalimia wakwe si jambo la kusimama mlangoni. Tulisubiri kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Hakuna abiria aliyenung'unika. Mama mmoja alisema hata ingekuwa yeye angekasirika kama mkwewe angepita na lori bila kushuka.

Tulikula ugali na kambale kwa mama ntilie wa kando ya barabara, karibu na mto Katuma. Kiangazi kilikuwa kimeufanya mto tope, na ndani ya tope walikuwamo viboko, wamelaliana kama magunia, wanatoa harufu na miguno. Niliuliza kama wanaweza kupanda mpaka tulipo.

"Wanapanda," alisema mama ntilie.

"Saa ngapi?"

"Wakitaka."

Nilimla kambale wangu nimesimama.

Kutoka pale barabara inakatiza mbuga, na ndani ya mbuga kuna mbung'o. Watu walivunja matawi wakawa wanapigana migongoni kwa upendo. Mimi niliwahi kusoma kuhusu malale, nikaanza kujichunguza kama nasinzia. Nilikuwa sijapata usingizi wa maana kwa siku tano, kwa hiyo ndiyo, nilisinzia. Nilipoamka Kibaoni nilikuwa na hakika nimepata ugonjwa. Dereva aliniambia mgonjwa wa malale hana nguvu ya kuomba maji ya kunywa kisha akalalamika kwamba ni ya moto. Nilitulia.

Kibaoni, siku ya kwanza

Mzee Maganga nilimkuta uani kwa mwanae, anashona mkeka wa kuanikia mpunga. Nilikuwa nimemfikiria amekunjamana, ana fimbo, anakohoa. Kumbe ni mzee mwembamba mwenye macho ya mtu aliyeficha kitu chako.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtu wa wapi?"

"Natoka Dar es Salaam."

"Dar hatoki mtu. Kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Kabila?"

"Mzaramo."

Akaweka sindano chini. Akaita kwa sauti. "Mama Kulwa, njoo uone. Mali yangu imetembea yenyewe mpaka hapa."

Mama Kulwa, mkwewe, akatoka jikoni na ungo, akanitazama akacheka, akarudi.

"Vua viatu," mzee akaniambia.

Nilidhani ndiyo desturi ya pale. Nikavua, nikavipanga vizuri pembeni, soksi ndani. Mzee akazitoa soksi, akaingiza miguu yake kwenye viatu vyangu, akafunga kamba. Vilikuwa vidogo kwake, vidole vikatuna chini ya ngozi. Akatembea hatua tano, akarudi hatua tano. Kisha akakaa kwenye kigoda kama hakuna kilichotokea.

"Haya. Uliza."

Niliwasha rekoda. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya swali la kwanza tangu Morogoro. Lakini miguu yake ilikuwa mbele yangu ndani ya viatu vyangu, na nikaruka maswali yote thelathini ya mwanzo.

"Mzee, mliwahi kugoma pale mgodini?"

"Kugoma? Tuligoma sana," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa jemadari. Tulimkamata meneja, tukamweka kwenye toroli, tukamsukuma kwenye reli mpaka Kaliua. Akifika kila stesheni anashuka kununua asali."

Kaliua ni mbali, hata mimi nililiona hilo, lakini nilijiambia wazee hupenda kupamba. Toroli nikaandika "ishara ya kupinduliwa kwa mamlaka". Asali nikaiwekea alama ya kuuliza. Mgomo nilikuwa nao. Nafasi ya msaidizi nilikuwa nayo. Nilizima rekoda, nikashukuru, nikaomba viatu.

"Vya nani?" akauliza.

"Vyangu, mzee."

"Wewe si Mzaramo? Basi ni vyangu." Akaondoka navyo kwenda shambani.

Nilikaa uani peku mpaka jua likageuka. Nilifikiri kila kitu. Kwamba amechukia maswali. Kwamba ni mwizi, na aibu ya mtafiti kumsingizia mzee. Kwamba si mwizi, na aibu ya mtafiti kurudi peku. Jambo moja tu sikulifikiria, na hapa nawaomba mvumilie. Mwaka wa pili chuoni niliandika insha ya kurasa nane kuhusu utani wa Wazaramo na Wanyamwezi: jinsi ulivyozaliwa enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipofika pwani kwetu, jinsi mtani anavyoruhusiwa kukutukana na kuchukua chako usikasirike, jinsi mtani anavyowajibika kukuzika. Nilipata alama ya juu. Mzee Maganga ni Mnyamwezi, na utani uliponivua viatu sikuutambua.

Nilikwenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kibaoni, siku ya pili

Mwenyekiti, Mpimbwe, mwenyeji wa pale, mnene mwenye sauti ndogo, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza tena kabila langu. Kisha akaniuliza la Mzee Maganga. Kisha akatoka nje akawaita jirani zake wawili waje kunitazama.

"Huyu," aliwaambia, "amemshtaki mtani wake."

Wakanitazama kama nilivyowatazama viboko.

Asubuhi Mama Kulwa aliniletea viatu pale nilipolala, vimefutwa vumbi, vimepakwa mafuta, soksi zimefuliwa. Nilifurahi. Nikaenda kumshukuru mzee na kumwuliza maswali thelathini niliyoyaruka. Alisimama nilipomkaribia. Akaivua kofia yake.

"Karibu sana, bwana mtafiti. Habari za kulala. Samahani kwa usumbufu wa jana."

Alijibu kila swali langu. Ndiyo, bwana. Hapana, bwana. Sikumbuki, bwana. Alinistahi namna hiyo saa nzima, na sijawahi kuheshimiwa kwa baridi kama ile. Nilimfuata Mama Kulwa jikoni, ambako alikuwa anapeta mchele.

"Mama, nimemkosea nini mzee?"

"Nyie mnasoma nini huko?" alisema bila kunitazama. "Umempeleka mtani wako kwa mwenyekiti. Jana ulikuwa mtu wake. Leo ni mgeni, na mgeni anapewa heshima na chakula, basi. Hatakuambia kitu."

"Lakini jana aliniambia. Mgomo, toroli—"

Ungo ulisimama. "We kaka. Meneja kusukumwa mpaka Kaliua, ananunua asali? Alikuwa anakutania."

Nilikaa kwenye gogo la kuni. Kwenye mfuko wangu kulikuwa na kanda ya mgomo ambao haukuwapo, na mtu pekee aliyejua kilichokuwapo ananiita bwana.

Mwenyekiti ndiye aliyeamua. Jogoo mmoja, aliwe na wote, na utani urudishwe mbele ya watu, maana ulivunjwa mbele ya watu. Jogoo nilimpata sokoni. Utani ulikuwa mgumu zaidi. Nilitakiwa kumtukana mzee wa umri wa babu yangu, mbele ya mwanae, mkwewe na mwenyekiti, na matusi yenyewe yawe mazuri. Nilikwenda nyuma ya ghala la mpunga nikaandika rasimu. Ya kwanza ilikuwa kali mno. Ya pili ilikuwa na tanbihi.

Jogoo akaiva. Watu wakakaa. Mzee Maganga alikaa amenipa mgongo, kwa adabu kubwa.

"Mzee Maganga," nilianza. "Babu zako walibeba meno ya ndovu kutoka huku mpaka kwetu pwani. Miezi mitatu kwa mguu. Wewe umebeba jozi moja ya viatu, siku moja, mpaka shambani, asubuhi umevirudisha umechoka. Nani amewaharibu Wanyamwezi?"

Nilihesabu njia zote za kutoka kwenye ule ua; ilikuwa moja. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na nikajua nimemwua.

Akageuka. Alikuwa anacheka hana hata sauti.

"Na walipofika huko pwani wamekauka koo," alisema, "nyie Wazaramo mliwapa nini?"

"Maji, mzee."

"Ya bahari."

"Tuliwaongezea na chumvi, maana tuliona wametoa jasho."

Mwenyekiti alijipiga paja. Mzee Maganga akanielekezea kidole miguuni.

"Vua viatu."

Sijawahi kuvua kitu kwa furaha kama ile.

Kanda ya pili

Tulikula jogoo na wali mpya wa Kibaoni, ule unaonukia kabla ya kuufunua. Mzee akala paja langu, kwa haki yake. Kisha, bila kuulizwa, akaniambia niwashe "kile kibuyu".

Palikuwa na Mzaramo mmoja pale mgodini, alisema, mmoja tu. Kondo, fundi wa kufunga mbao za shimoni, mtu wa Maneromango. Wanyamwezi wa zamu yake walikuwa kumi na mmoja, na wote walimtesa kama nilivyoteswa mimi. Walimla chakula, walimficha koti, naye aliwatukana kwa ufundi mpaka wengine wakaomba wamsikie tena. Kondo akashikwa na homa, akafa siku ya pili.

"Hana ndugu karibu. Kwao ni mbali kuliko unavyojua, wakati ule. Nani amzike? Sisi. Tuliambiwa wafungwa watachimba, nyie rudini shimoni. Hatukurudi. Unamwacha mtani wako azikwe na watu wasiomjua hata tusi lake moja? Tulimwosha, akatafutwa Mwislamu mmoja wa kumsomea, tukachimba, tukakaa matanga, jumla siku nne."

"Hamkuwa mmegoma?" niliuliza. Nilisikia mwenyewe jinsi nilivyokuwa naomba. "Kudai chochote?"

"Kugoma unataka kitu. Sisi hatukutaka kitu. Tulikuwa na maiti."

Kipande cha Mzee Maganga, ile kadi ya vyumba thelathini iliyopigwa alama kila siku ya kazi, na mshahara hautoki mpaka vyote vijae, kilikuwa kimebakiza vyumba viwili. Waliporudi vikachanwa vipande vyao vyote kumi na kimoja, wakaanza upya.

"Yule Kondo alikufa makusudi," alisema. "Angengoja siku mbili tu. Lakini Mzaramo hawezi kungoja." Akaendelea kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye nilichukua buti zake. Zilikuwa haki yangu, mtani. Watu wa stoo wakasema ni za kampuni, nimeiba. Sikuzirudisha. Hazikunitosha, nikazivaa hivyo hivyo mpaka zikaisha."

Buti hizo nilikuwa nazijua. Zilikuwa mwisho wa ile barua, chini ya penseli ya Profesa, na mzee huyu hajawahi kuiona barua wala kusikia ipo.

Kurudi

Alinipa katambuga zake akasema nisiringe nazo. Njia yote ya kurudi, Sitalike kwa wakwe wa dereva, Mpanda kwa watu wa mawe, Kaliua pasipo na kichwa cha treni, nilikuwa na kanda mbili mfukoni na wazo moja baya. Kanda ya kwanza ilisema wazi: tuligoma, mimi ndiye jemadari. Ilikuwa sauti yake. Nani angesafiri mpaka Kibaoni kuhakikisha? Nilitengeneza hoja zote, na zilikuwa hoja nzuri, mnanijua.

Ofisini kwa Profesa niliiweka kanda ya kwanza. Nakiri. Alisikiliza amefumba macho, anatabasamu. Ilipofika kwenye toroli na asali akafumbua jicho moja.

"Hapo tutakata," alisema.

Nilitazama miguu yangu. Nilimkumbuka mzee amesimama ameondoa kofia, ananiita bwana mtafiti. Nikaona kwamba kanda ile ikiingia kitabuni nitakuwa nimemshtaki mara ya pili. Nikabonyeza kitufe.

"Profesa, hayo alikuwa ananitania. Yaliyo ya kweli yako kwenye hii nyingine. Si mgomo."

Alisikiliza ya pili bila kufumba macho. Ilipofika kwenye buti akanionyesha ishara nirudishe nyuma. Akasikiliza tena. Akafungua kabati, akatoa nakala ya barua, akachukua kifutio, akaufuta ule mstari wa penseli taratibu mpaka karatasi ikaanza kuchubuka.

"Sura ya sita imekufa," alisema.

Nilisema pole. Sikujua niseme nini kingine kwa mtu aliyefiwa na sura. Nilisimama, nikaiacha rekoda mezani, nikaanza kupanga namna ya kumweleza shangazi kuhusu godoro. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema:

"Kesho saa mbili asubuhi uje tuizike."

Nilikwenda saa moja, nikiwa na hofu kwamba nilisikia vibaya. Alikuwa keshafika. Kurasa za sura ya sita zilikuwa zimetandazwa meza nzima, na upande wa pili wa meza ile palikuwa na kiti ambacho jana hakikuwapo.

Kwa hiyo ndiyo, nafasi nimeipata, na mshahara ukija mtaona nimenunua vingine. Vile vya Kariakoo msiniulize tena. Viko Kibaoni. Havimtoshi, na anavivaa hivyo hivyo.